Wajenzi wa Kitengela na deni la usingizi lisilolipika Jumapili

KABLA ya saa kumi na moja alfajiri, taa za matatu na bodaboda huwa zimeanza kumulika barabara ya Namanga, na vibanda vya chai vilivyo kando yake huwa vimekwisha kuwasha majiko. Wateja wa kwanza aghalabu ni watu wa mjengo: waashi, mafundi wa kufunga vyuma, maseremala, wapiga plasta na vibarua wa kubeba mawe na karai za simiti. Baadhi yao wana hakika ya kazi ya siku hiyo. Wengine wanakwenda kusimama langoni, wakitumaini kwamba msimamizi atawanyoshea kidole na kuwaruhusu waingie.

Anayetaka kufika langoni saa kumi na mbili asubuhi, na anaishi mbali na mjengo, sharti aamke saa kumi. Akirejea nyumbani saa mbili usiku, akachota maji, akapika, akaoga na kula, mgongo wake hauwezi kugusa godoro kabla ya saa nne na nusu. Zimebaki saa tano na nusu za kulala, iwapo usingizi utamjia mara moja na iwapo hakuna kitakachomwamsha.

Mwaka 2015, mashirika mawili ya wataalamu wa usingizi nchini Marekani yalitoa tamko la pamoja kwamba mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba kila usiku ili kulinda afya yake. Kwa kipimo hicho, mjenzi huyo amepungukiwa na saa moja na nusu. Kwa siku sita za kazi, upungufu unafika saa tisa. Jumamosi jioni hulipwa ujira wake wa wiki, lakini deni hilo la usingizi halimo katika daftari la mtu yeyote, na Jumapili moja haitoshi kulifuta.

Suala hili halihusu uchovu wa kawaida tu, ambao kila mtu wa jasho anaujua. Usingizi haba hupunguza wepesi wa mkono na jicho, nayo kazi ya ujenzi hufanywa juu ya majukwaa, kando ya mashimo na chini ya mizigo inayoning'inia. Kosa dogo ambalo karani angelifuta kwa raba, mwashi huweza kulilipia kwa uhai wake.

Mji unaokua kwa kasi

Kitengela, ambayo wenyeji wa zamani waliijua zaidi kwa jina la Noonkopir, ilikuwa nyanda za malisho ya Wamaasai na njia ya wanyamapori waliotoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kwenda kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya pamoja ya eneo hilo iligawanywa kwa wanachama wake, na vipande vya ardhi vikaanza kuuzwa. Sheria ya mwaka 1990 iliyoanzisha maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, EPZ, ilifuatwa na viwanda vilivyojengwa Athi River, jirani tu na Kitengela, na maelfu ya wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Kukarabatiwa kwa barabara ya kutoka Athi River hadi Namanga kuliuvuta mji karibu zaidi na Nairobi.

Takwimu za sensa zinaonyesha mwendo wa mambo. Mwaka 2009 Kajiado ilikuwa na watu 687,312. Mwaka 2019 idadi hiyo ilifika 1,117,840, na mji wa Kitengela pekee ulihesabiwa kuwa na watu 154,436, ukiupita kwa mbali mji wa Kajiado ulio makao makuu ya kaunti. Watu wote hao walihitaji nyumba, maduka, shule na makanisa. Saruji haikuwa mbali, kwa kuwa Athi River ni kitovu cha viwanda vya bidhaa hiyo nchini.

Ujenzi mwingi wa Kitengela, Kisaju, Isinya na viunga vyake si wa kampuni kubwa. Ni wa mtu binafsi mwenye ploti ya futi hamsini kwa mia, anayejenga kadiri anavyopata pesa na kumkabidhi kazi fundi mmoja anayemwamini. Fundi huyo naye huwaita wenzake na vibarua. Hakuna ofisi, hakuna karani wa kuandika saa za kuingia na kutoka, na aghalabu hakuna afisa wa usalama. Katika mazingira kama hayo, hakuna anayehesabu muda ambao wafanyakazi wamepumzika.

Jinsi mwili unavyolala

Ili kuelewa namna kazi inavyomnyang'anya mtu usingizi, yafaa kujua kwanza kwamba usingizi huongozwa na nguvu mbili zinazosaidiana.

Ya kwanza ni uzito wa kukesha. Tangu mtu anapoamka, kemikali iitwayo adenosini hukusanyika ubongoni. Kadiri muda unavyopita ndivyo inavyoongezeka, na ndivyo mtu anavyozidi kusinzia. Usingizi huiondoa, na asubuhi mtu huamka akiwa mwepesi. Anayelala kidogo huanza siku akiwa na masalio ya jana.

Ya pili ni saa ya mwili, ambayo hufuata mwanga na giza. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kufichua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembechembe za mwili. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini, na joto la ndani ya mwili huanza kushuka. Kushuka huko kwa joto ni mojawapo ya ishara kwamba wakati wa kulala umefika.

Nguvu hizi mbili zikienda pamoja, mtu hulala vizuri. Zikivurugwa, kwa mfano na kazi ya usiku, chumba chenye joto au wasiwasi, usingizi huja kwa kuchelewa au hukatika katikati.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba mtu aliyezoea kulala kidogo hajijui. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, watu waliolala saa sita kila usiku kwa wiki mbili walidhoofika kiakili kiasi cha kufanana na mtu aliyekesha hadi siku mbili mfululizo. Walipoulizwa, wengi hawakuhisi kwamba wamedhoofika kiasi hicho. Fundi anaposema kwamba mwili wake umezoea, huenda anasema kweli jinsi anavyojihisi, lakini mkono wake unatoa ushahidi tofauti.

Kazi inavyoiba usingizi

Sababu ya kwanza ni urefu wa siku. Mbali na saa za mjengoni, kuna safari ya kwenda na kurudi. Kwa wanawake, ambao wengi wao mijengoni hubeba maji na kokoto au huwapikia wenzao, siku huwa ndefu zaidi. Huamka mapema kuwatayarisha watoto, na warejeapo jioni kazi za nyumbani huwa zinawasubiri. Kajiado ni nchi kame, na maji ya bomba hayafiki kila mtaa. Kumngoja mwenye mkokoteni wa mitungi au kupanga foleni kwenye kisima ni saa nyingine inayokatwa kutoka usiku.

Sababu ya pili ni jua. Kati ya Januari na Machi jua la nyanda za Kajiado huwa kali, na mjengo ambao haujaezekwa hauna kivuli. Mtu anayechanganya zege mchana kutwa hupoteza maji mengi kwa jasho. Asipoyarejesha, jioni huumwa na kichwa na misuli hukaza, na akinywa maji mengi kwa pamoja usiku ili kufidia, huamka mara kwa mara kwenda haja. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba ifikapo mwaka 2030 dunia itakuwa ikipoteza asilimia 2.2 ya saa zote za kazi kwa sababu ya joto, na likaitaja sekta ya ujenzi kuwa ya pili kwa kuathirika baada ya kilimo.

Sababu ya tatu ni maumivu. Mfuko wa saruji una uzito wa kilo 50, na kibarua huweza kubeba makumi kwa siku. Mwashi huinama, fundi wa vyuma huchuchumaa, mpiga plasta wa dari huinua mikono juu kwa saa nyingi. Maumivu ya mgongo, magoti na mabega humwamsha mtu kila anapojigeuza. Hapo ndipo mduara unapojifunga: maumivu huharibu usingizi, na usingizi ukiharibika mwili huhisi maumivu kwa ukali zaidi.

Simiti yenyewe ina madhara yake. Ikiwa mbichi huunguza ngozi na kuacha mwasho unaozidi kusumbua usiku. Vumbi la mawe na zege linapokatwa lina chembe za silika, ambazo zikivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu. Kabla ya hapo, pua hufungana na kikohozi hukatiza usingizi.

Sababu ya nne ni usiku wa slabu. Siku ya kumwaga slabu huwa ndefu kuliko zote, na ina sababu ya kiufundi. Zege mbichi ikiwekwa juu ya zege iliyokwisha kuganda hubaki na mshono dhaifu, kwa hiyo mafundi hutaka sehemu moja imalizike bila kukatizwa. Mashine ya kuchanganyia ikiharibika saa nane mchana au lori la kokoto likichelewa, kazi huendelea hadi usiku wa manane chini ya taa za jenereta. Asubuhi yake wapo wanaotarajiwa kurudi mapema kama kawaida. Baada ya hapo slabu huhitaji kunyunyiziwa maji kwa siku saba au zaidi, na anayefanya hivyo, pamoja na mlinzi, hulala papo hapo mjengoni.

Sababu ya tano ni mahali pa kulala. Chumba cha mabati kisicho na dari huhifadhi joto hadi usiku wakati wa kiangazi, na mnamo Julai, baridi ya nyanda hizi za juu hupenya kwa urahisi ule ule. Wanaolala mjengoni hutandika magunia au mbao kando ya mifuko ya saruji. Anayepanga karibu na barabara ya Namanga husikia malori yanayokwenda na kutoka Tanzania usiku kucha, na mtaani kuna baa, mikesha ya maombi na jenereta. Kelele si lazima zimwamshe mtu kabisa ndipo zimdhuru. Hutosha zikimtoa katika usingizi mzito na kumweka katika usingizi mwepesi, kisha asubuhi ashangae kwa nini amelala lakini hajapumzika.

Sababu ya sita haionekani kwa macho, nayo ni wasiwasi. Sheria ya Ajira humtaja kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba kila jioni kazi yake imekwisha na kila asubuhi aiombe upya. Mvua ikinyesha, hakuna kazi. Mwenye mjengo akiishiwa na pesa, hakuna kazi. Mtu aliyelala akiwaza kodi ya nyumba na karo ya shule hubaki na moyo unaopiga mbio na akili inayohesabu. Kitanda chake kinapokuwa mahali pa hesabu hizo usiku baada ya usiku, ubongo hujifunza kukihusisha na mashaka.

Vichangamshi na pombe

Mwili uliochoka hutafuta msaada. Chai na kahawa ndiyo njia ya kawaida, na hazina ubaya asubuhi. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kafeini ikinywewa hata saa sita kabla ya kulala, huweza kupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Kikombe kikubwa cha saa kumi na moja jioni bado kinafanya kazi saa tano usiku.

Miraa na muguka zina kathinoni, kemikali inayochangamsha ubongo kwa nguvu. Anayetafuna mchana ili amalize kazi huenda akafika kitandani mwili ukiwa hoi lakini macho yakikataa kufumba.

Pombe nayo hudanganya kwa njia nyingine. Humfanya mtu asinzie upesi, lakini inapoyeyuka mwilini usingizi wa nusu ya pili ya usiku hukatikakatika. Pia hulegeza misuli ya koo na kuzidisha kukoroma. Mtu hudhani pombe inamsaidia kulala, kumbe ndiyo inayomwamsha saa tisa za usiku.

Gharama yake

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walipima utendaji wa watu waliokuwa macho kwa muda mrefu. Baada ya saa 17 za kukesha, walikuwa wamedhoofika sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Baada ya saa 24, walifanana na mwenye asilimia 0.10. Aliyeamka saa kumi alfajiri na bado yuko juu ya slabu saa tatu usiku ametimiza saa 17. Hakuna msimamizi ambaye angemruhusu mlevi apande jukwaa, lakini mchovu wa kiwango hicho hupanda kila mara na kusifiwa kwa bidii yake.

Ushahidi mwingine umetoka machimboni. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za ajali katika migodi ya Marekani kuanzia 1983 hadi 2006 waligundua kwamba Jumatatu baada ya saa kusogezwa mbele, wachimbaji walikuwa wamelala takriban dakika 40 pungufu, na majeraha yaliongezeka kwa asilimia 5.7. Ikiwa dakika 40 za usiku mmoja zinaonekana katika rekodi za ajali, mtu anaweza kupima mwenyewe uzito wa saa moja na nusu kila usiku kwa mwaka mzima.

Kuna pia madhara yanayokuja polepole. Shirika la Afya Duniani na ILO yalitangaza mwaka 2021 kwamba kufanya kazi kwa saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kupatwa na kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Kwa hesabu ya mashirika hayo, watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kutokana na saa ndefu za kazi. Usingizi haba pia unahusishwa na shinikizo la damu, kisukari na kinga dhaifu ya mwili.

Akili nayo haisalimiki. Asiyelala huwa mwepesi wa hasira na mzito wa kufurahi. Ugomvi mjengoni, ukali kwa watoto na ukimya usio wa kawaida ndani ya nyumba huweza kuwa dalili za mtu aliyeelemewa. Kukosa usingizi huchochea sonona, na sonona huzidisha kukosa usingizi. Kwa kuwa utamaduni wa mjengo humtaka mwanamume awe mgumu kama jiwe analolichonga, wengi hukaa na hali hiyo bila kumwambia mtu.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inafafanua haki hiyo. Kifungu cha 27 kinamtaka mwajiri kudhibiti saa za kazi na kumpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinatoa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa malipo baada ya miezi 12 ya utumishi. Kifungu cha 31 kinamtaka mwajiri kutoa makao yanayofaa au pesa za kutosha za kodi, isipokuwa pale ambapo kodi imejumuishwa katika mshahara au makubaliano ya chama.

Kifungu kilicho muhimu zaidi kwa watu wa mjengo, ingawa wengi hawakijui, ni cha 37. Kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kumalizika kabla ya jumla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mkataba wa mwezi. Jengo la ghorofa nne haliishi kwa miezi mitatu. Aliyelijenga tangu msingi hadi paa, siku baada ya siku, ana haki ambazo mwajiri hawezi kuzikwepa kwa kumwita kibarua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri jukumu la kulinda usalama, afya na ustawi wa kila aliye kazini mwake, pamoja na kutoa maji safi ya kunywa. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima iundwe kamati ya usalama. Kifungu cha 14 kinamtaka mfanyakazi kuripoti hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo kabla ya kuiondoa hatari hiyo.

Anayeumia analindwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, WIBA, ya mwaka huo huo wa 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Mwajiri lazima awe na bima. Madai yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, na atakayesubiri kwa sababu ameahidiwa kutazamwa baadaye huenda akakuta mlango umefungwa.

Kuhusu kelele, kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 60 mchana na 35 usiku kwa ujenzi ulio katika makazi ya watu, na usiku huanza kuhesabiwa saa kumi na mbili jioni. Kanuni hizo zinamlinda jirani wa mjengo, ambaye mara nyingi ni mjenzi wa mjengo mwingine anayetaka kulala.

Tatizo haliko katika maandishi. Wakaguzi ni wachache na mijengo ni mingi, tena midogo na iliyotawanyika. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wanakandarasi na kuidhinisha mafundi, lakini mjengo wa fundi na vibarua wanane nyuma ya ua wa mabati haufikiwi kwa urahisi. Kibarua naye anajua kwamba mlalamishi wa leo huenda asichaguliwe langoni kesho.

Yanayoweza kufanywa mjengoni

Mengi yanayosaidia hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni kuwaambia watu mapema. Msimamizi akitaja jioni majina ya watakaohitajika kesho, au akipanga kikosi cha wiki nzima, anawaondolea watu safari za kubahatisha na mashaka ya usiku. Simu moja au ujumbe mfupi huokoa saa nzima ya usingizi.

La pili ni kupanga siku ya slabu kama shughuli ya zamu mbili. Mashine ikaguliwe mapema, vifaa vifike siku iliyotangulia, na waliomaliza usiku waanze kazi mchana au siku ya pili. Asiwepo aliyekesha akapangiwa kazi ya juu, ya kuendesha winchi au ya kuchimba shimo refu.

La tatu ni maji na kivuli. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inapendekeza kikombe kimoja cha maji kila dakika 15 hadi 20 wakati wa joto. Mgeni katika kazi hiyo aanze kwa asilimia 20 ya muda wa kawaida juani siku ya kwanza, kisha aongezewe taratibu, kwa sababu mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea joto. Kazi nzito zifanywe asubuhi, na saa za jua kali zitengewe kazi za ndani.

La nne ni usingizi mfupi wa mchana. Dakika 20 za kujinyoosha kivulini baada ya chakula huondoa uzito wa macho bila kuharibu usingizi wa usiku. Msimamizi anayemwona kibarua amelala wakati huo asimhesabu kuwa mvivu.

La tano ni kwa wanaolala mjengoni: chumba kilichotengwa na saruji, chenye kitanda, neti, tundu la hewa na dari, hata kama ni ya maboksi au magunia chini ya mabati.

Yaliyo mikononi mwa mjenzi

Mfanyakazi peke yake hawezi kurekebisha mpango wa kazi, na si haki kumlaumu kwa kutolala katika mazingira yasiyomruhusu kulala. Hata hivyo, yapo machache anayoweza kuyashika.

Ajitahidi kuamka saa ile ile kila siku, na Jumapili asizidishe kwa zaidi ya saa moja au mbili, ili saa ya mwili isivurugike. Anywe maji mengi mchana na kupunguza jioni. Chai ya rangi na kahawa ziishie saa nane mchana. Aoge ili kuondoa simiti na vumbi. Maji ya uvuguvugu husaidia mwili kupoa baadaye. Simu iwekwe mbali na mto. Mambo yanayomsumbua ayaandike au ayazungumze na mwenzake kabla ya kuingia kitandani. Akikaa macho kwa muda mrefu, ainuke, aketi penye mwanga hafifu, kisha arudi usingizi ukimjia.

Ziko dalili zinazohitaji daktari: kukosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, kukoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika, kusinzia ghafla kazini, kikohozi kisichoisha, au kukata tamaa ya maisha. Hii ya mwisho haipaswi kusubiri hata siku moja. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na mtu asiye na mshahara wa kudumu huweza kujisajili mwenyewe bila kupitia kwa mwajiri.

Penye malalamiko, afisa wa leba wa kaunti, Idara ya Usalama na Afya Kazini, na chama cha wafanyakazi wa ujenzi ndizo milango ya kwanza ya kubisha. Yafaa mfanyakazi aandike kila siku tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na malipo aliyopokea. Daftari la shilingi chache limewahi kuwa ushahidi mzito kuliko maneno ya mashahidi wengi.

Majengo ya Kitengela yatazidi kuinuka, kwa kuwa watu hawajaacha kuhamia. Mwenye ploti anayekagua nguzo zake, akapima ubora wa mchanga na kuhesabu mifuko ya saruji, angefanya vyema aulize jambo moja zaidi asubuhi ya kumwaga slabu: hawa watakaopanda juu leo, jana walilala saa ngapi?